Wakala wa vibarua chini ya Mlima Kenya: kazi ya mshauri wa ajira za muda inavyokwenda

Sisi wa Pwani tunaujua msimu. Hoteli za Diani, Watamu na Malindi hujaza watumishi ifikapo Desemba, na mvua za masika zikishika huanza kuwapumzisha. Huko Nyeri na miji iliyouzunguka Mlima Kenya, yaani Karatina, Othaya, Naro Moru, Nanyuki, Timau, Meru, Chuka, Embu na Kerugoya, msimu upo vilevile, ila haumtegemei mtalii peke yake. Kuna kahawa, kuna majani chai, kuna mpunga wa Mwea, na kuna maua ya waridi yanayokwenda Ulaya. Kila msimu hutaka watu wengi kwa siku chache. Kati ya anayetaka watu na anayetaka kazi ameketi mtu mmoja ambaye kadi yake humwita mshauri mwandamizi wa uajiri.

Tumeandika habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu si wachache huko: wako wanaosoma Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi pale Nyeri na Chuo Kikuu cha Karatina, na wako wapishi na wahudumu waliofuata kazi za hoteli hadi Nanyuki. Pili, mtindo wa kuajiri anaoufanyia kazi ndio huohuo unaotumika Mombasa, Kilifi na Kwale. Ukiuelewa kule, umeuelewa na hapa.

Kazi yenyewe ni ipi

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni wakala anayemtafutia mwajiri mtu wa kudumu. Humleta mhasibu au meneja, hulipwa ada yake mara moja, na mambo yakaisha. La pili, ambalo ndilo letu leo, ni wakala anayemwandika mfanyakazi kwenye daftari lake mwenyewe kisha akampeleka kufanya kazi kwa mtu mwingine. Mfanyakazi huamkia kiwandani, hupokea amri za msimamizi wa kiwanda, huvaa koti la kiwanda, lakini mshahara wake hutoka kwa wakala. Kiwanda humlipa wakala kwa ankara moja kila mwezi.

Mshauri mwandamizi si yule kijana wa ofisini anayepiga simu na kukagua vitambulisho. Yeye ndiye hutafuta wateja, hupanga bei, hutia sahihi mkataba, na ndiye hupigiwa simu saa kumi na moja alfajiri basi la wafanyakazi likifika getini lina watu 28 badala ya 40. Kufikia saa moja awe amewapata wale 12 waliobaki. Hapo ndipo ukubwa wa daftari lake unapoonekana: nani anakaa karibu, nani alifanya kazi ileile mwaka jana, nani huja kweli anaposema anakuja.

Tuseme ukweli kuhusu mipaka ya biashara hii. Mkulima mdogo wa chai anayepeleka majani kwenye viwanda kama Chinga, Gathuthi au Ragati hahitaji wakala. Huita wachumaji wa kijijini kwake, akawalipa kwa kilo. Wa kahawa naye hulipa kwa debe. Mwea, watu wa kupandikiza na kuvuna mpunga hupatikana kwa mnyapara wa hukohuko Ngurubani. Wakala mwenye ofisi huingia pale penye makaratasi: mashamba makubwa ya maua na mboga ya Timau na Nanyuki, viwanda vya vinywaji na vya maziwa, maduka makubwa, hospitali, benki, hoteli, ulinzi na usafi.

Lakini hata huyo wa ofisini lazima aijue kalenda ya shamba, maana ndiyo inayomnyang'anya watu. Katika Mkoa wa Kati wa zamani, kahawa nyingi huiva kati ya Oktoba na Desemba, na zao dogo hufuata katikati ya mwaka. Miezi hiyo, mama aliyekuwa tayari kufagia ghala huko mjini hurudi kwao kuchuma, kwa sababu debe humlipa jioni ileile. Maua yana kilele chake wiki chache kabla ya Februari 14, siku ya wapendanao, na kilele cha pili hufuata Machi Waingereza wanapoadhimisha siku ya mama. Wapanda mlima huja zaidi Januari na Februari, kisha tena Julai hadi Septemba, na wapagazi wa Naro Moru, Sirimon na Chogoria hawapatikani kwa kazi nyingine. Nanyuki nako kuna kambi ya mafunzo ya jeshi la Uingereza, ambayo huchukua wenyeji wengi kwa vipindi. Mshauri asiyeyajua haya huahidi watu 60 mwezi wa Novemba, akaaibika mbele ya mteja.

Neno kibarua lilitoka kwetu

Hapa naomba nikae kidogo, kwani jambo hili halikuanzia bara. Neno kibarua ni barua ndogo, hati ya siku. Karne ya 19, Unguja na Mombasa, vibarua wengi walikuwa watumwa ambao mabwana zao waliwakodisha kwa kazi ya siku: kubeba mizigo, kupakia jahazi, kusafisha gundi za sandarusi. Mfanyabiashara alilipa ujira, na sehemu yake, mara nyingi nusu, ilimwendea bwana ambaye hakunyanyua hata gunia moja. Watatu hao, yaani anayefanya, anayefanyiwa na anayekula katikati, ni haohao walioko leo. Kilichobadilika, na ni mabadiliko makubwa, ni kwamba anayefanya ni mtu huru mwenye haki zilizoandikwa.

Bara, serikali ya kikoloni ilitumia njia yake. Nyeri ilianzishwa 1902 kama kituo cha serikali, na walowezi walipochukua ardhi kuelekea Naro Moru na Nanyuki walihitaji mikono. Mwaka 1919 Gavana Northey alitoa waraka uliowataka maofisa wa serikali na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Sheria ya kipande ilikuwa imepitishwa 1915 na ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza: kila mwanamume Mwafrika alibeba karatasi yenye alama za vidole na majina ya waliomwajiri, na bila sahihi ya mwajiri aliyemwacha hakuweza kwenda kwingine. Malalamiko ya Harry Thuku, yaliyoishia kwa watu kupigwa risasi Nairobi Machi 1922, yalihusu kipande na mishahara.

Bara na pwani zilikutana Januari 1947, katika mgomo mkuu wa Mombasa. Makuli wa bandarini waliokuwa wakichukuliwa kwa siku waliweka kazi chini pamoja na watu wa reli, wa hoteli na wa majumbani. Chama kilichozaliwa katika mgomo ule kiliongozwa na Chege Kibachia, mtu wa Kiambu, ambaye serikali ilimkamata mwaka huohuo. Miaka ya 1950 bandari ikaacha polepole kuchukua makuli wa siku na kuanza kuandika wafanyakazi wa kudumu. Kwa hiyo mtu akikwambia kibarua hakiwezi kugeuzwa kuwa kazi yenye mkataba, mwambie bandari yetu iliwahi kufanya hivyo, tena chini ya mkoloni.

Pesa hupatikana wapi

Mfanyakazi wa wakala anayetaka kujua kama anaibiwa na aifuate hesabu hii mstari kwa mstari.

Tuchukue mfanyakazi wa ghala mjini Nyeri. Kwa agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024, kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika miji iliyokuwa manispaa, na Nyeri ni mmojawapo, ni shilingi 14,866 hivi kwa mwezi kabla ya posho ya nyumba. Mombasa, Nairobi na Kisumu ni 16,113. Tuseme wakala amemwandika kwa 15,000. Posho ya nyumba ya asilimia 15 ni 2,250. Jumla 17,250.

Mwajiri ana malipo yake juu ya hapo. NSSF, asilimia 6, ni 1,035. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, ni 259. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, ni 50. Likizo ya siku 21 kwa mwaka ikigawanywa kwa miezi 12 ni siku moja na robo tatu kila mwezi, yaani karibu 1,160. Tumefika kwenye 19,750 na bado hatujagusa bima ya ajali kazini, buti, koti, wala siku za ugonjwa. Faida ya wakala pia bado. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 nayo inangoja kwenye ankara.

Sasa mteja anapokea barua tatu za bei. Mmoja anataka 23,000 kwa kichwa, mwingine 22,000, wa tatu anasema 18,500 na kila kitu ndani. Huyo wa tatu ana siri gani? Hana. Ama hapeleki NSSF, ama hatoi likizo, ama mfanyakazi halipwi kima cha chini. Kila mshauri mwandamizi analijua hilo, na kila meneja wa kiwanda anayemkubali analijua pia. Binafsi naona lawama ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu meneja ndiye mwenye uwezo wa kusema hapana.

Upande wa mfanyakazi hesabu ni fupi. Katika ile 17,250 atakatwa NSSF 1,035, bima ya afya ya SHA asilimia 2.75 ambayo ni 474, na ushuru wa nyumba 259. Kodi ya mapato haimfikii kwa kuwa mshahara uko chini ya 24,000. Anapaswa kupata mkononi kama 15,480. Kikiwa pungufu kwa elfu mbili na hakuna maelezo, basi kuna mtu kazipokea. Na makato yasiyo katika orodha hiyo, kama "ada ya ofisi", "pesa ya sare" au "ya kuhifadhi nafasi", yaulizwe kwa sauti.

Kuna mlango mwingine wa pesa ambao ni mwembamba zaidi. Kima cha chini cha kilimo ni tofauti na cha mjini: kibarua wa shambani asiye na ujuzi, kwa agizo lilelile la 2024, ni karibu shilingi 8,000 kwa mwezi. Mtu anayepanga masanduku katika ghala la mjini na mtu anayepanga masanduku katika ghala lililo ndani ya shamba hufanya kazi moja, lakini mshahara halali wa mmoja unakaribia kuwa maradufu ya mwenzake. Mshauri akiamua ni neno gani litaandikwa kwenye mkataba, ameamua watoto wa nani watakwenda shule na viatu. Katika mashamba yenye mkataba wa pamoja kati ya chama cha waajiri wa kilimo na chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, kiwango huwa juu ya hicho cha serikali. Ndiyo maana baadhi ya mashamba hupenda watu wa wakala: hawamo chamani.

Mwajiri ni nani

Siku zote zikiwa njema, swali hili halina maana. Maana yake hujitokeza siku mashine inapomkata mtu kidole, au msichana anapopata ujauzito, au kiwanda kinapofunga ghafla. Kiwanda husema, nendeni kwa wakala. Wakala husema, sisi tulileta watu tu.

Sheria ya Ajira ya 2007 ina jibu ambalo wengi hawalijui. Inapoeleza mwajiri ni nani, haimtaji tu aliyetia sahihi mkataba. Inamjumuisha na wakala wake, mnyapara wake na meneja wake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huohuo, nayo inamtwika mwenye mahali pa kazi jukumu la usalama wa watu waliomo humo, hata kama si yeye anayewalipa. Na Mahakama ya Kazi imeshasema katika zaidi ya kesi moja kwamba kampuni ina haki ya kutoa baadhi ya kazi kwa kampuni nyingine, lakini isitumie njia hiyo kukwepa mafao ambayo wafanyakazi wameshayachuma, wala kuwalipa watu wa wakala chini ya wenzao wa kazi ileile.

Halafu kuna kifungu cha 37, ambacho mshauri yeyote wa ajira za muda hukijua kama jina la mamake. Kibarua, kisheria, ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kumalizika kabla ya siku zinazojumlisha miezi mitatu, sheria humgeuza kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, na hawezi tena kuachishwa bila notisi. Tena mkataba wowote wa miezi mitatu au zaidi lazima uwe kwa maandishi. Ndiyo asili ya ile mikataba ya miezi mitatu mitatu, na ya zile "wiki mbili za kupumzika" katikati. Watu hufikiri ni desturi ya kampuni. Ni woga wa kifungu cha 37.

Ila kifungu hicho kina tundu, na tundu lenyewe lilionekana kwetu Kilifi. Wafanyakazi wa chumvi wa Magarini, waliokuwa wakilipwa kwa kiasi cha kazi waliyoifanya, waliishtaki kampuni ya Krystalline Salt. Kesi ilifika Mahakama ya Rufaa, ikaamuliwa 2017. Majaji walieleza kwamba sheria inatambua aina nne za mikataba ya kazi: wa muda usiotajwa, wa muda uliotajwa, wa kazi maalumu inayolipwa kwa kipande cha kazi, na wa kibarua. Kisha wakasema kifungu cha 37 kinamhusu kibarua, wala hakimgeuzi mtu anayelipwa kwa kipande cha kazi. Uamuzi huo wa chumvi ya Gongoni ndio unaowakuta leo mchumaji chai wa Othaya anayelipwa kwa kilo na mchuma kahawa wa Mathira anayelipwa kwa debe. Anaweza kuja miaka kumi, na bado akawa hajageuka.

Haimaanishi hana haki yoyote. Kima cha chini kinamlinda, sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini inamlinda, na ubaguzi dhidi yake ni kosa. Lakini mshauri anapokuandikia "kwa kipande" badala ya "kwa siku" au "kwa mwezi", ujue amechagua neno hilo akijua.

Ujauzito nao unataka kusemwa peke yake. Sheria inampa mama miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, na inakataza kumwachisha mtu kwa sababu ya mimba. Katika mikataba mifupi hakuna anayeachishwa, mkataba "unaisha" tu. Kuthibitisha kwamba uliisha kwa ajili ya tumbo ni kazi ngumu, na wanawake wengi huamua kunyamaza ili waitwe tena msimu ujao. Uwezo huu wa kuita na kutoita ndio silaha kali kuliko zote mkononi mwa anayeajiri. Februari 2023 BBC ilipotangaza uchunguzi wake juu ya mashamba ya chai ya Kericho, wanawake walieleza jinsi wasimamizi na watoa kazi walivyodai ngono ili wawape kazi. Kericho si Nyeri, lakini getini penye watu 200 na nafasi 40, orodha ikiwa kichwani mwa mtu mmoja, ni hatari ileile. Wakala mzuri huondoa orodha kichwani mwa mtu: majina hupangwa ofisini, huitwa kwa ujumbe wa simu usiku wa kuamkia kazi, na aliyekosa nafasi leo hutangulia kesho. Ni jambo dogo, wala halina gharama. Sijui kwa nini halijaenea.

Kwa anayetaka kuifanya kazi hii, na anayetaka kuandikwa

Kijana wetu mwenye shahada ya usimamizi wa watu anaweza kuingia. Kwa Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Rasilimali Watu ya 2012, anayejiita mshauri wa fani hiyo anapaswa kusajiliwa na taasisi ya wataalamu hao, IHRM. Kampuni ya wakala nayo husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na orodha ya zilizosajiliwa mtu anaweza kuitazama mtandaoni kabla hajatoa hata nakala ya kitambulisho. Tukizungumzia nakala: tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ofisi yenye vitambulisho, namba za simu na vyeti vya afya vya watu elfu mbili ina wajibu wa kuvitunza. Kuvirusha katika kundi la WhatsApp la wasimamizi ni kosa, ingawa hufanywa kila siku.

Lugha haimzuii Mpwani. Ofisini na kiwandani Kiswahili kinatosha, na msemaji wa Kiswahili kizuri husikilizwa. Lakini vijijini, kwa mama wa miaka 50 anayetoka Tetu au Mukurwe-ini, Kikuyu kidogo hufungua mlango, na upande wa mashariki wa mlima Kimeru na Kiembu vivyo hivyo. Baridi ya Julai ni shauri jingine. Nunua koti.

Kwa anayetafuta kazi kupitia wakala, vitu vinavyotakiwa ni vilevile popote: kitambulisho, namba ya KRA, ya NSSF na ya SHA, cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi, na kwa wanaoshika chakula, cheti cha afya ambacho hufanywa upya kila miezi sita. Kusajiliwa na wakala kusigharimu pesa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa 1997 uliweka msingi kwamba mtafuta kazi asitozwe, anayelipa ni mwajiri, na mawakala wenye heshima hufuata hivyo. Tangazo linalosema "tuma 1,500 ya usajili, kazi inaanza Jumatatu Nanyuki" halina Jumatatu wala Nanyuki.

Kabla ya kutia sahihi, tazama mambo yanayobishaniwa baadaye: jina la aliyeandikwa kama mwajiri, tarehe ya kwanza na ya mwisho, kama malipo ni kwa mwezi, siku au kipande, na ni nani atakayekupeleka hospitali ukiumia. Piga picha ya kila ukurasa, kwa sababu nakala ya pili mara nyingi "itatumwa" na haitumwi. Kila mwezi hakikisha kwa simu kwamba NSSF imeingia, usingoje mwisho wa mwaka. Ukitoka baada ya kufanya kazi wiki nne au zaidi, dai cheti cha utumishi, ni haki yako kwa kifungu cha 51, na ndicho kitakachokutoa kwenye foleni ya getini mwakani.

Mambo yakiharibika, mlango wa kwanza ni ofisi ya leba ya kaunti, na kupeleka malalamiko hapo hakuhitaji wakili. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa Nyeri, na kwetu inakaa Mombasa na Malindi. Kesi ya madai ya kazi ifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu haki ilipovunjwa. Wengi wa waliofanya kazi huko wakarudi Pwani hufikiri wameshachelewa, au kwamba wakala amefunga ofisi na hakuna wa kumshika. Wahesabu miaka yao vizuri, na waipeleke barua ya madai kwa wote wawili, wakala na kiwanda.